Akina Barlow wa Kibaigwa

Sostenes Barlow ni dalali wa mahindi pale Kibaigwa. Ni Mgogo kama mimi, lakini ukimsikiliza utadhani alizaliwa Uingereza akapita Dodoma kuomba maji ya kunywa. Namsema mtu ninayemjua. Alikuwa mume wangu, kabla hajahamia Miyuji kwa mwanamke mwingine akaniachia watoto na jina hilo.

Siku moja binti yetu Ruthu alimwonyesha kwenye simu akina Barlow waliojaa Uingereza, wengine Marekani, wengine Australia. Basi ikawa taabu. Magunia yanapakiwa kwenye lori, yeye anawasimulia wapakiaji habari za shangazi zake wa Australia.

Tulicheka mpaka Ruthu alipopata mchumba: Jordan Barlow wa Msalato.

"Haiwezekani," Sostenes akasema. "Ukoo mmoja. Huyo ni kaka yake."

Ruthu alilia mpaka macho yakavimba. Kwetu watu wa ukoo mmoja hawaoani, na baba akikataa, posa haipokelewi. Nikamwambia Sostenes awaite wazee wa Jordan nyumbani kwangu, awaambie mwenyewe.

Wakaja na babu yake Jordan, mzee Abeli. Nikachinja mbuzi. Sahani ya maini nikaitenga mbele ya Sostenes.

Akairudisha nyuma kama imemuuma. "Mama Ruthu, umesahau? Ukoo wetu hatuli maini!"

"Nimesahau, baba Ruthu. Ukishaachwa unasahau mengi."

Mzee Abeli akaivuta. "Leta huku, mama. Sisi mwiko wetu ni pundamilia, na huyo simwoni hapa."

Akala yote, akalamba vidole.

"Ukoo mmoja," nikauliza, "huyu anakula, huyu anakimbia?"

Wazee wakaangua kicheko, maana kila ukoo una mwiko wake. Mzee Abeli akamgeukia Sostenes.

"Mwanangu, baba yangu alifanya kazi Kongwa, mashamba ya karanga ya Waingereza. Msimamizi wa matrekta aliitwa Barlow. Siku ya mshahara wanaita: watu wa Barlow, njooni! Wanakwenda vijana wa kila ukoo. Karanga zikashindikana, mzungu akaondoka, wao wakarudi makwao na jina. Babu yako naye alikuwepo."

"Alikuwa msaidizi wa Bwana Barlow," Sostenes akasema.

"Wa kuosha matrekta."

Sostenes akaitazama sahani tupu ya maini. Akikubali, shangazi wote wa Australia wamepotea. Akikataa, mtoto wake haolewi. Ruthu alisimama mlangoni, ameuma pindo la kanga.

"Basi," Sostenes akasema, "tuzungumze habari za ng'ombe."

Hapo Uingereza haikutajwa tena. Alidai ng'ombe kama Mgogo wa kweli, mmoja mmoja, na rangi zao. Mimi niliyemlea binti peke yangu nikatengewa mmoja, tena mpaka mzee Abeli alipomkumbusha. Nikapiga vigelegele hivyo hivyo. Ruthu alikuwa anacheka.