Maboga Juu ya Mabati

Iko siku moja ya mwezi wa kumi, mwanangu, ambayo siisahau hata nikitaka. Mvua ilikuwa haijafika Élisabethville, na jua lilikuwa kali hata mbwa wa kambi yetu ya wafanyakazi waliacha kubweka. Nilikuwa msichana aliyeolewa juzi na mfanyakazi wa kiwandani, na kiburi kilinijaa tele.

Tuliishi vyumba viwili chini ya mabati pamoja na mama mkwe wangu, aliyetoka Kilwa, ile ya huku kwetu ziwani, si ya pwani. Miguu ilimvimba, kifua kilimbana, na hakuweza kutoka chumbani bila kushikwa mkono. Baridi ilipoisha alinipa mbegu za maboga nizipande nyuma ya nyumba, upande wa jua la alasiri. Kila jioni nilizimwagilia maji yaliyooshewa vyombo, tena kwa kununa, sikufichi. Mume wangu akafunga kamba, mmea ukapanda hadi paani, majani yakafunika chumba cha mama. Nyumba za jirani zilikuwa tanuri; kwake palikaa baridi.

Basi Madame, yule mama wa Kizungu aliyetufundisha kushona sisi wanawake wa kambi, akatangaza shindano la nyumba safi. Majirani wakanicheka: angalieni nyumba iliyobeba shamba kichwani! Aibu ikanishika. Siku moja kabla ya Madame kupita, nikachukua panga.

Mama akaniita kutoka kitandani. "Mwana, usikate. Malata, hii mabati, itanichoma. Ile majani njo iko inanifanya nipumue."

"Mama, Madame anakuya kesho. Sitaki majirani batuseke tena."

"Ungoja basi mvua inyeshe."

Sikungoja. Nilikata, nikafagia, nikatundika mapazia mapya, nikafunga madirisha yote ili vumbi jekundu lisiyachafue. Kesho yake Madame aliyasifu mapazia, akanipa zawadi ya beseni lililochorwa maua. Chumba cha mama hakuingia, wala mimi sikuingia mpaka alipoondoka. Nilimkuta mama amelowa jasho, midomo imekauka, anahema. Nilitundika shuka mbichi dirishani, nikampepea, nikalia. Maji yakimwagika hayazoleki. Siku ya tatu alifariki.

Mume wangu alitazama paa, akauliza, "Nani alikata?" Nilitazama panga lililoegemea ukutani. Hakuuliza tena maisha yake yote, na kimya hicho kiliniumiza kuliko fimbo. Wazee walinituliza kwamba mama alikuwa anakwenda tu, hata kama majani yangebaki. Labda. Lakini mimi najua alichoniomba, na najua nilichomjibu.

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Joto likija, mwanangu, funga asubuhi madirisha yanayopigwa na jua, yafungue jioni. Mwagia sakafu maji. Panda kinachotambaa, na wakikucheka waache wacheke. Kabla hujapamba sebule, ingia kwa mgonjwa wako, keti naye saa nane mchana, umuulize kama anapumua vizuri. Akikuomba jambo dogo, lifanye siku hiyohiyo, kwa maana hujui atakuomba mara ngapi tena.

Mungu akujalie nyumba yenye wazee ndani, na akupe masikio ambayo mimi sikuwa nayo.