Kivuli cha Rohero

Nilimwonea dada yangu wivu kwa sababu ya kivuli. Yeye aliolewa na mfanyakazi wa serikali, wakapata nyumba Rohero, mtaa ambao waliouchora mji waliupa viwanja vikubwa, bustani mbele ya nyumba na miti kando ya barabara. Sisi wa Kinama tulipimiwa viwanja vya kutosha vyumba viwili, choo na kamba ya nguo. Ukitoka kwake kuja kwangu mchana, unahisi ardhi ikikuchoma kupitia kandambili.

Lakini mimi nilikuwa na mama. Vita vilipomtoa Rumonge alifikia kwangu, kwa kuwa sikuwa na mume, na kwetu ni aibu mama mkwe kuhamia kwa mkwe wake. Nilitamba nalo hilo, sikufichi.

Shida ilikuwa bati. Mama alikuwa na presha, na adhuhuri alilala chini kwenye sementi akijipepea na mfuniko wa sufuria. Nikapanda maboga ukutani, nikayapandisha kwa kamba mpaka juu. Majani yalipofunika nusu ya paa, mama alianza kupata usingizi wa mchana. Nikajiona fundi.

Kisha shefu wa mtaa akapita na vijana wake wa ulinzi.

"Apana, mama. Mu ile majani mutu anaweza kujificha. Ung'oe yote leo."

"Na Rohero je? Ua wa dada yangu unapita kichwa cha mutu!"

"Kule ni kule," alinijibu, akaenda zake.

Niliyang'oa mwenyewe huku nikilia kwa hasira. Maboga yalikuwa bado madogo kama ngumi.

Wiki hiyohiyo mama alizimia. Dada akaja na gari, akamchukua apumzike siku chache. Jumapili nilimfuata, nikamkuta chini ya mti, kajifunika kitenge mabegani, anakula nje peke yake ili asikutane na mkwewe mezani. Nikafurahi. Nikajua nitarudi naye.

"Mama, aibu haikusumbui? Twende nyumbani."

"Inanisumbua sana, mwanangu. Lakini huku mi ninalala." Akanishika mkono. "Kesho uniletee nguo zangu zenye zilibaki."

Nilizipeleka. Dada alizipokea mlangoni, akanishukuru kwa upole, na mimi nikaitazama ile miti yake nikitamani ikauke yote, ingawa mama yangu alikuwa amelala chini yake.