Wifi Mwanakheri na Mlango wa Mitende

Wifi yangu Mwanakheri, dada wa marehemu mume wangu, hajashika ramani maishani mwake. Mji wa Kale wote wa Mombasa anaujua kwa milango yake ya nakshi. "Ule wa mitende, kwa kina Zuhura," atakwambia. "Ule wa misumari ya shaba, kwa wale wasiorudisha sahani."

Pembe ya nyati anayoipiga kwa kijiti harusini aliirithi kwa nyanya yake. Kuongoza vugo, msafara wa wanawake wa harusi, ni heshima ya nyumba yetu, na Bi Tima wa mtaa wa Kuze ameimezea mate miaka mingi. "Akikosea njia mara moja tu," alisema hadharani, "pembe yahamia Kuze!"

Alasiri moja tulikuwa tukipeleka sinia za vyakula kwa bwana harusi, mtoto wa Bi Zuhura. Mwanakheri alikuwa amerudi jana yake kutoka Lamu, alikokaa mwezi mzima baada ya maulidi. Yeye mbele na pembe, sisi nyuma na vigelegele, Ndia Kuu yote ikirindima. Akauona mlango wa mitende. Akasimama, akaipiga pembe kwa nguvu zote.

Ukafunguliwa. Wakatoka wazungu wanane wenye kaptura, wakatupigia makofi. Mmoja akajichukulia sambusa.

Ilikuwa hoteli. Bi Zuhura alikuwa ameuza mlango wa babu yake, ukahamishiwa pale, nyumba sita kabla ya kwake, uwapendeze wageni. Kwake akatia geti la chuma. Bi Tima alijua, na njia nzima alinyamaza.

"Haya, shoga," akacheka, "lete pembe!"

Mwanakheri hata hakugeuka. "Mie sikupotea. Kilichopotea ni mlango. Mwiteni Zuhura aje apokee sinia mlangoni kwa babuye!"

Bi Zuhura akaja mbio, mtandio ubavuni, bwana harusi nyuma yake na kiatu kimoja.

"Mwanakheri, waniaibisha mbele ya wageni!"

"Umeuza mlango, mamangu. Aibu umebaki nayo."

Tukacheka mpaka tukashikana mabega. Wazungu nao wakacheka, wasijue wanacheka nini. Bi Zuhura akazipokea sinia pale pale, na Bi Tima, naye akicheka, akachukua kijiti akaitikia pembe.

"Baki nayo," akasema. "Lakini wewe mwanamke, wewe!"

Pembe iko kwetu hadi leo. Na mlango wetu, ukipita, utaukuta pale pale alipouacha babu.