Sitini na Mmoja wa Kasigau

Peris Mghoi hakuwa mtu wa kufoka. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa ameshika ufito wa wapimaji wa ardhi, kuanzia kwao Mbololo hadi mpakani Taveta, na wapimaji huzozana kutwa kucha. Mtu asiye na subira angeutupa ufito huo zamani. Lakini Jumatatu ile, katika ofisi ya kukodi juu ya duka la mbolea mjini Voi, alisoma barua pepe moja mara mbili, kisha akaifunga kompyuta kwa kishindo hadi Festus akamwagikiwa na chai.

"Wamewafuta," alisema. "Watu sitini na mmoja, Festus. Wamewafuta wote."

Festus, kijana wa chuo kikuu aliyetumwa kusimamia mradi, alijipangusa suruali. "Hawajafutwa, Mama. Ni sistimu tu. Inataka kila jina liwe na mahali pa kifo, latitudo na longitudo. Hao hawana."

Mradi wenyewe ulikuwa wa kuchora kwa kompyuta ramani ya mambo waliyotendewa watu wa Kasigau wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1915 Wajerumani waliuteka mlima huo. Waingereza wakawashuku wenyeji kwamba ndio waliowaonyesha adui njia, wakawakusanya, wakawapeleka kwa nguvu hadi Malindi. Huko wengi walikufa, na waliobaki walirudi baada ya miaka mingi. Peris alikuwa amezunguka mlima huo miezi saba na kifaa chake cha satelaiti, akipima mafiga yaliyozama ardhini, misingi ya nyumba, na mapango ambamo wazee wa zamani waliweka mafuvu ya jamaa zao. Kila kitu kilipata nukta yake, ila wale waliofia Malindi, kwa kuwa hakuna aliyejisumbua kuandika walikozikwa.

Basi watu waliong'olewa kwao wakiwa hai sasa waling'olewa tena, safari hii kwenye ramani ile ile ya kueleza walivyong'olewa. Hapo ukimwambia Peris atulie, unatafuta ubaya.

Majina hayo alipewa na Mzee Josephat, mwenye umri wa miaka themanini na minne, aliyemtajia ukoo kwa ukoo kama alivyofundishwa na babake. La kwanza lilikuwa la nyanya yake, Mkawasi. Peris alimwahidi kwamba Jumamosi, ramani itakapoonyeshwa ukumbini Voi, atalisoma jina hilo kwa macho yake mwenyewe.

"Tuweke nukta moja hapo Malindi," Festus alisema kwa sauti ya kubembeleza. "Wote sitini na mmoja. Nani atajua?"

"Mimi. Sijawahi kupanda bikoni, jiwe la mpaka, mahali ambapo sijasimama, na sitaanza na marehemu wa watu."

Kesho yake alikwenda Kasigau kumpa mzee habari hizo mbaya. Alimkuta akipeta ndengu. Alimweleza yote, bila kupaka mafuta. Mzee Josephat aliweka ungo chini.

"Kwa hiyo wanataka mahali?"

"Ndiyo, Baba."

"Mahali papo. Ulipaona."

Akachukua fimbo, akamwongoza hadi kwenye pango la ukoo wao, nyuma ya shamba. Peris alilijua, alikuwa ameandika kwenye fomu: mafuvu ishirini na matatu. Yalikuwa pale pale kwenye ukingo wa mwamba. Kushoto kwake, kwa mstari ulionyooka, yalipangwa mawe laini ya ukubwa wa ngumi.

"Waliorudi hawakuwa na mafuvu ya kuleta," mzee alisema. "Kila aliyefia kule aliwekewa jiwe. Hili la kwanza ni la Mkawasi. Baba yangu aliliweka kwa mkono wake."

Peris aliyahesabu. Sitini na moja. Kisha akakumbuka. Siku ile ya kupima alikuwa amechoka, akatua begi lake papo hapo, juu ya mawe, akapiga picha ya mafuvu.

"Mbona hukuniambia, Baba?"

"Nilidhani umeona. Kazi yako si kutafuta mawe?"

Hasira zote alizobeba kutoka Voi zilimgeukia yeye. Miaka kumi na tisa anatambaa vichakani kutafuta bikoni za matajiri, na mawe ya watu hawa aliyafanya meza. Alipiga magoti, akatoa futi, akapima jiwe moja baada ya jingine hadi mgongo ukamlemea, huku mzee akitaja majina.

"Lakini hapo si mahali pa kifo," Festus alisema jioni.

"Basi badilisha fomu. Fomu imeandikwa na mtu."

Festus aliibadilisha. Ila alipofika kwenye picha ya pango alisita. "Hii tupige nyingine. Begi limeyafunika mawe."

"Iache."

Jumamosi, mgeni mmoja wa mradi alisimama mbele ya skrini, akasema kwamba pale Kasigau haoni ila nukta moja. Peris alimpita bila kumwomba radhi, akaikuza ramani, akaikuza tena, hadi nukta ile ikaachana ikawa mstari wa nukta sitini na moja. Akabonyeza ya kwanza. Jina likatokea, na picha chini yake.

Mzee Josephat alisogea, akalisoma polepole kwa sauti: Mkawasi. Akaitazama picha kwa muda mrefu.

"Begi hilo ni la nani?"

"Langu, Baba," Peris alisema mbele ya watu wote.

"Siku nyingine ulishike mkononi," mzee alisema, akavuta kiti akakaa. "Haya. Fungua la pili."