Ntumba za Baba Kwenye Shuka Jeupe

Miaka ile ya mwisho ya Mwingereza, kura zilipokwisha kupigwa na kila mtu mjini Sumbawanga akitembea kifua mbele kana kwamba aliyechaguliwa ni yeye, mimi nilikuwa mkalimani wa gari la sinema. Kazi yenyewe ilikuwa kusimama kando ya shuka jeupe na kipaza sauti. Mzungu wa ndani ya sinema akisema Kiingereza, mimi nasema Kiswahili. Mkuu wangu, Mzungu tuliyemwita Bwana Sinema, alikijua Kiswahili kuliko makarani wengi, na sharti lake lilikuwa moja: nikitoka nje ya maneno ya sinema, nirudi kwetu kulima. Nilikuwa nimeshazoea viatu. Sikutaka kurudi.

Wakati wa masika walikuja wapiga picha kutoka Dar es Salaam. Walikuwa wanatengeneza sinema ya kuonyesha sisi Watanganyika ni watu gani, maana wenyewe, inaonekana, tulikuwa hatujui. Kwa kiherehere changu nikawapeleka kijijini kwa baba. Baba alikuwa analima ntumba, vile vilima vya udongo ambavyo Wafipa tunafukia majani ndani yake yaoze, kisha juu yake tunapanda mazao. Mama alikuwa amempigia pasi koti lake la kanisani na kumfunga vifungo vyote mpaka kooni. Wapiga picha wakasema avue. Walitaka Mfipa wa asili, na Mfipa wa asili kwao hana koti wala shati.

Baba alivua kwa sababu aliyemtafsiria amri hiyo ni mimi, mwanawe.

"Nchi gani hiyo," mama akauliza, "inayoanza kwa kumvua mtu nguo?" Akachukua koti la baba, akaondoka bila kuaga mtu.

Sinema ilirudi wakati wa kipupwe, imeshaiva. Ilishushwa kwenye lori mchana, jioni yake tukaionyesha, hata mimi nilikuwa sijaiona. Uwanja wa mjini ulijaa. Wakulima walijifunika mablanketi kwa baridi, wenye maduka wakakalia viti walivyobeba kutoka nyumbani. Mama alikataa kuja. Baba alikuwa ametembea tangu alfajiri, koti mwilini, akakaa mbele kabisa na kupokea shikamoo za vijana kama liwali.

Tukaanza. Minazi. Bandari. Mlima wenye theluji. Wamasai wakaruka, maana sinema ya nchi hii ambayo Wamasai hawakuruka mimi sijaiona. Nikatafsiri: "Hii ndiyo Tanganyika, na hawa ndio sisi." Mzee mmoja akauliza kwa sauti kama hao warukaji nao walipiga kura.

Halafu akatokea baba, kifua wazi, jembe mkononi. Vigelegele vikapasua uwanja. Mzungu wa ndani ya sinema, kwa sauti tamu kabisa, akasema kwamba huyu ni mkulima asiyejua kulima, anakwangua ardhi kama babu zake, na nchi mpya haiwezi kujengwa na watu wa namna hii.

Baba alikuwa ameinua uso, ananisubiri. Nilimchukia yule mwenye sauti tamu kuliko nilivyowahi kumchukia mtu, na Bwana Sinema alikuwa amekaa hatua tatu tu kutoka kwangu. Nikaanza kusema Kifipa, lugha asiyoijua.

"Huyu ndiye fundi wa kulima," nikasema. "Serikali imemfuata kutoka Dar es Salaam ili nchi nzima ijifunze ntumba kwake."

Bwana Sinema akageuka. "Mbona Kifipa?"

"Wazee hawa Kiswahili kinawapita, bwana."

Uongo mtupu. Wazee wale walikuwa wakigombania bei sokoni kwa Kiswahili kila siku ya Mungu.

Likaja trekta, juu yake kijana mwenye kaptura iliyonyooka. Kiingereza kilimwita Mtanganyika wa kesho. "Na huyu," nikasema kwa Kifipa, "ni mwanafunzi wake. Bado hajaelewa, ndiyo maana ameazima mashine." Watu walicheka mpaka jenereta halikusikika. Bwana Sinema naye akacheka, ili asibaki peke yake.

Ilipokwisha, watu walimpa baba mikono kama bwana harusi. Nilikuwa nakunja nyaya aliponifikia.

"Umeona, baba?"

"Nimeona." Akafunga kifungo cha juu cha koti. "Kiingereza sikijui, mwanangu. Lakini sauti ile naijua. Ndiyo ya bwana shamba akija kunikataza kulima."

Niliona aibu, nikaziangalia nyaya.

"Mkitoka hapa mnaonyesha wapi?"

"Milanzi, keshokutwa."

"Nitamleta mama yako. Umwambie kama ulivyoniambia mimi. Usipunguze."

Milanzi sikupunguza. Mama alikaa mbele, amenuna. Baba alipotokea kifua wazi, nikasema yaleyale kwa Kifipa, Bwana Sinema akinikodolea macho kwa mara ya pili. Kisha nikaongeza kwamba koti la fundi huyu halionekani kwa sababu limepigwa pasi vizuri mno, na mkewe hataki liguse udongo.

Mama hakucheka. Alinyoosha mkono, akamwekea baba sawa ukosi wa koti.