Kitabu cha Bi Tatu Kimeondoka na Lori

Jamani, leo wamebeba vitabu vyote vya maktaba yetu ya Temeke. Na kisa ni taarifa niliyoiandika mie mwenyewe.

Kila mwisho wa mwezi mie karani huwa napeleka Bomani idadi ya wasomaji. Amri ni moja: aliyeandikisha jina kuazima kitabu, huyo ndiye msomaji. Basi.

Asubuhi akaja bwana mkubwa, Mzungu, na lori.

"Watu wa huku hawasomi," akasema, taarifa yangu mkononi. "Vitabu vinakwenda mjini."

Nikamweleza kwamba huku anaazima mmoja, inasikiliza nyumba nzima. Akanijibu kusikiliza siyo kusoma.

Mara huyo Bi Tatu, jirani yetu, anahema. Mama wa watu hajui kusoma. Mpangaji wake ndiye huazima, kisha huwasomea barazani kila jioni, na majirani huja na mikeka yao. Leo Bi Tatu kitabu kakifunga kwenye khanga safi, kama mtu anayerudisha chombo cha jirani.

Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia vyote virudi. Nisije nikaitwa mwizi."

Nikakipokea. Dereva akakichukua mkononi mwangu, akakirusha juu ya vingine.

Lori likaondoka. Bi Tatu hakuondoka. Akanivuta kando, akaninong'oneza:

"Tuliishia pale binti anamtafuta mamaye. Alimpata?"

Nyie mngemjibu nini?

Mie nimemwambia alimpata, wakakumbatiana. Kashukuru, kaenda mbio kuwaambia wenzake.

Kitabu chenyewe sijawahi kukifungua.