Magunzi Manne ya Salome

Miaka kumi na tisa Vumilia alilea na kufundisha watoto wadogo kibarazani kwake, Kalangalala, kwa kuwaimbisha a-e-i-o-u mpaka sauti zikauke. Kisha akaitwa semina, akarudi kichwa kikimzunguka. Eti mtoto hujifunza kwa kucheza, mpe maharage, vizibo, mchanga, halafu usimwingilie. Usimwingilie! Na wazazi wakiuliza madaftari? Hata hivyo akajaribu, nusu kwa imani, nusu kwa ubishi.

Aliyemchanganya zaidi ni Salome, wa miaka minne na nusu. Baba yake alifukiwa ndani ya duara, shimo la wachimbaji, pamoja na wenzake watatu. Wale watatu waliopolewa kwa kamba, yeye hakuonekana. Tangu siku hiyo mtoto hakutamka neno. Mama yake, Justa, alitaka kitu kimoja tu, asikie tena sauti ya binti yake. Alingoja mpaka akachoka, akasema Ijumaa atampeleka kwa bibi yake, kule Mhunze.

Ijumaa asubuhi Salome alichimba shimo mchangani. Akafunga magunzi manne, kila moja na kamba yake, akayafukia. Vumilia akaujua mchezo ule, ni wale wanne wa duarani. Amzuie? Semina haikusema lolote juu ya mchezo wa namna hii. Alisogea, akarudi, akasogea tena, akajiona mjinga mzima.

"Moja," Salome akasema, akivuta kamba.

Vumilia akaziba mdomo kwa khanga.

"Mbili. Tatu."

Hapo Justa akaingia, begi la safari begani. "Shikamoo, mwalimu." Kisha akaliona shimo. "Mayu wane, mama yangu! Duara? Ndiyo mnayomfundisha mwanangu?"

"Marahaba, Mama Salome. Sikumfundisha mimi. Ameongea, amehesabu mpaka tatu. Lakini kama ni vizuri au vibaya, mwenzio sijui."

Justa alimshika binti yake mkono waondoke. Salome hakulia. Alimwekea mama yake kamba ya mwisho kiganjani.

"Vuta, mama. Bado mmoja."

Justa akamtazama mwalimu. Vumilia akasogea kando, akawaachia shimo.

Justa akavuta. Kamba ikakwama. Akatua begi, akapiga magoti, akaanza kufukua kwa mikono yote miwili.